Balbu Niliyoiona Kwenye Koti la Mwanajeshi

Jamani, kuna aibu ambazo mtu huzika, lakini hii yangu Rashidi ameshaisambaza kutoka Dubai mpaka Kisumu, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mwenyewe, mwenye duka la vifaa vya umeme lenye milango miwili (miwili, si mmoja), mtu aliyeondoka nyumbani na begi la mgongoni na diploma ya umeme, akarudi akajenga.

Wakati huo nilikuwa mlinzi katika hoteli moja Al Barsha, huko Dubai. Nafasi ya msimamizi wa walinzi ilikuwa wazi, na waliotazamiwa kuipata tulikuwa wawili: mimi, na Rashidi wa Mombasa, mtu mpole asiye na cheti chochote ila leseni ya kuendesha gari. Mimi nilishaanza kuwaambia watu wa nyumbani wakinipigia simu waongee kwa adabu.

Basi hoteli ikakodisha ukumbi kwa maonyesho ya sare za jeshi la Uingereza za wakati wa vita vikuu vya pili. Asubuhi ya ufunguzi akaja mzee Mwingereza, mgeni wa hoteli, amekumbatia koti la marehemu baba yake kama aliyebeba mtoto mchanga. Alitaka kujua jambo moja tu: ile nembo ndogo kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko, maana yake nini? Baba yake alisimulia maisha yake yote kwamba aliwahi kuruka kutoka kwenye ndege kwa parachuti, na dada wa huyu mzee hakuamini hata siku moja. Mtaalamu wa sare naye ndege yake ilikuwa imechelewa.

Madam, bosi wetu, akatugeukia. "Kuna anayejua mambo haya?"

"Mimi sijui, madam," akasema Rashidi, hata haya hana.

Nikaona nafasi yangu ndiyo hiyo. "Mimi najua, madam."

Nikalishika koti, nikakunja uso kama daktari. Nembo ilikuwa nyeupe, juu mviringo, chini nyembamba. Sasa niambieni, mtu aliyesomea umeme akiona kitu cha namna hiyo, ataona nini?

"Sir," nikasema ukumbi mzima usikie, "hii ni balbu. Baba yako alikuwa fundi umeme wa jeshi."

Mzee akaketi. "Kwa hiyo hakuruka?"

"Aruke aende wapi, sir? Nani angebaki na taa?"

Ningeishia hapo labda ningepona, lakini madam aliitikia kwa kichwa, ameridhika, na mimi nikivimba kichwa huwa sijui kurudi nyuma, nikashuka stoo nikaleta holda, waya, koleo na balbu, nikavipanga kwenye kabati la kioo kuzunguka koti, kisha nikaiwasha ile balbu kando ya mkono wa kulia ili wageni wajilinganishie wenyewe. Watu wakapiga picha. Mgeni mmoja akauliza kama kweli wanajeshi hao walibadilisha balbu huku wanapigwa risasi. Nikamwambia ndiyo, tena juu ya ngazi.

Rashidi akaninong'oneza, "Ndugu yangu, una hakika? Mbona ina kamba kamba?"

"Hizo ni waya. Khalas, waache wasomi wafanye kazi."

Mzee akampigia dada yake Uingereza. Dada alicheka mpaka sisi tuliosimama mbali tukamsikia. Mzee akakata simu, akakaa peke yake, chai ikapoa mbele yake.

Alasiri mtaalamu akaingia anaburuta sanduku lake, akaliona koti lenye umeme, akasimama kama aliyeona ng'ombe juu ya paa. "Nani ameweka taa hapa?"

Wenzangu wote wakanitazama, hata mfagiaji ambaye asubuhi hakuwepo.

Akaeleza taratibu. Ile ilikuwa parachuti. Waliotumikia vikosi vya parachuti walivaa parachuti yenye mabawa, juu karibu na bega. Aliyefuzu kuruka lakini hatumikii kikosi hicho alivaa parachuti tupu, bila mabawa, chini ya kiwiko. "Huyu aliruka," akasema. "Bila kuruka hupewi."

Mzee akainuka na simu mkononi. "Aliruka! Baba aliruka, unasikia? Sasa cheka!" Machozi yanamtoka, anacheka, anamkumbatia mtaalamu, madam, Rashidi, mpaka mfagiaji. Alipofika kwangu akaichomoa ile balbu, akanikabidhi ikiwa ya moto. "Hii nadhani ni yako."

Madam hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wewe kweli ni fundi umeme?"

"Nina diploma, madam," nikajibu (na kifua nikatoa, Mungu anisamehe).

"Vizuri sana."

Usimamizi akapewa Rashidi. Mimi nikahamishiwa maegesho ya chini ya hoteli, kubadilisha balbu, mpaka mkataba wangu ukaisha. Kila nikiwa juu ya ngazi, msimamizi wangu mpya alipita na redio yake kiunoni, anapaza sauti, "Yalla, komando, ruka basi!"

Juzi mteja aliniletea pampu ya maji dukani, akauliza ina tatizo gani. Nikamwambia sijui. Akaenda kwa jirani. Nilishinda nimenuna siku nzima, lakini neno hilo nimeapa kulisema, hata likinikwama kooni.