Nyota Sita za Kilimia

Harufu ya hiliki kwenye vitumbua vya jirani hunirudisha uani kwa bibi, Temeke ile ya mikorosho na kandili, enzi za Mwingereza.

Kipupwe kikiingia, bibi aliniamsha kabla ya adhana ya alfajiri. Alinifunika koti zito ambalo babu alirudi nalo kutoka jeshini, likinuka tumbaku, tukaketi kando ya jiko akipika vitumbua vyake. "Haya, nitafutie Kilimia," alisema. Nilikitafuta juu ya mikorosho, upande wa mashariki: kishada cha nyota ndogo, kama punje za mchele zilizomwagika. Nikahesabu sita. Naye akainua uso, akahesabu polepole kwa midomo. "Sita. Macho yetu ni mamoja, mie na wewe." Siku nzima nilitembea nikiringia macho yangu.

Alfajiri moja wingu lilitanda kutoka baharini, hapakuwa na nyota hata moja. Kabla sijasema neno, bibi alikwishainua uso, midomo ikimchezacheza.

"Sita," akasema. "Au sivyo?"

Vitumbua vilianza kuungua.

"Ndiyo, bibi. Sita."

Leo alfajiri mjukuu wangu amenishika mkono, akanitoa nje, uani.

"Bibi, unakiona Kilimia?"

Nikainua uso.

"Nakiona. Ziko sita."

Akaubana mkono wangu.

"Ndiyo, bibi. Sita," akasema, akanivutia kanga vizuri mabegani.