Sketi ya Mtoro

Umeme ulikatika Jumapili jioni, sare za mwanangu zikiwa bado zimekunjamana kama uso wa mzee aliyenyimwa chai. Nikaazima pasi ya mkaa kwa jirani. Mama yangu, ambaye mpaka leo haamini shati lisiloweza kusimama lenyewe, alikuwa amelichovya la mwanangu kwenye uji mwepesi wa muhogo. Pasi ilipogusa kola tu, mvuke ukapanda na harufu ile ya zamani: mkaa, pamba na muhogo uliobabuka. Nikakaa kwenye kindoo, pasi mkononi, nikawa mtoto wa Tandika tena.

Niwaambie jambo ambalo si wengi wanalijua. Sare ya kwanza ya sekondari niliyovaa maishani ilikuwa ya uongo. Ya kweli sikujaliwa kuivaa. Cheti changu cha kidato cha nne nilikuja kukipata ukubwani, kwa masomo ya jioni, nikisoma na makonda, wauza mitumba na bibi mmoja aliyekuwa akikoroma mpaka chaki zinaruka ubaoni. Nacho nimekitundika sebuleni juu ya televisheni, na sidhani kama kuna profesa aliyewahi kukiangalia cheti chake mara nyingi kama mie. Lakini hiyo sare ya uongo ilitangulia, na aliyenivika ni Anko Sudi.

Anko Sudi alihamia mtaani kwetu peke yake, na begi moja na kamera. Kamera yenyewe ilikuwa kubwa kama jiko la mama lishe. Akiibeba begani, bega la pili linapanda juu kusawazisha mambo. Alikuwa akipiga video za harusi. Mtu akioa popote Temeke, kama Anko Sudi hakuwepo, sie watoto tulihesabu hiyo ndoa haijafungwa. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mwembamba, mpole, hana haraka. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi, fundi cherehani, na mashine yake ilikaa barazani kwetu. Sasa Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu mababu. Kwa hiyo tangu asubuhi ya kwanza walitukanana kwa mapenzi, kama watu waliojuana zamani.

"Mzaramo, jua limefika utosini ndiyo unaamka?"

"Nimelala kwa niaba yako, Mnyamwezi. Ninyi mlitembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka huku, usingizi mliusahau njiani."

Siku moja Anko Sudi akachoka na maharusi. Alisema maharusi hawachekeshi mpaka mwaka wa pili. Akaamua kutengeneza filamu za kuchekesha za wanafunzi wa sekondari, na wanafunzi wenyewe wakawa sie, watoto wa mtaani, wengine hata hesabu za kugawanya zilikuwa zinatushinda. Jumamosi tulipewa darasa moja la shule ya msingi, kwa sharti tulifagie na tupake mbao zote za kuandikia masizi upya. Baba akafanywa mwalimu mkuu: koti la kuazima lililomfika magotini, miwani isiyo na vioo, na fimbo ambayo hakuwahi kumgusa nayo mtu.

Mie nikafanywa mtoro. Jina langu kwenye filamu likawa Tatu Sudi. Tulidhani ni majivuno, kwamba Anko anataka jina lake lisikike.

Ilibaki sare yangu. Kwenye msumari, nyuma ya cherehani ya baba, ilikuwepo sketi ya buluu ya marinda, imefunikwa na kipande cha kanga. Ilikaa pale miaka na miaka. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumuuliza baba ni ya nani. "Ya mteja," alisema. "Atakuja." Siku hiyo baba aliishusha mwenyewe, akakung'uta vumbi, akamwangalia Anko Sudi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wawili hao bila utani. Anko aliyashika marinda, akayapitisha kwenye vidole kama anayehesabu tasbihi, akasema, "Hiyo hiyo." Ilinizidi kila upande. Mama akaibana kiunoni kwa pini, pini nyingi kiasi kwamba nikikaa vibaya nilikuwa napiga kelele ambayo haipo kwenye hadithi.

Filamu zilikuwa hivi. Mwalimu mkuu anaita majina. Kila mtu anaitikia. Akifika "Tatu Sudi!", darasa zima linajibu kwa pamoja: "Katoroka!" Halafu naonekana mie huko nje nikifanya mambo yasiyo na akili: napanga foleni ya ubuyu, nasindikiza harusi ya watu nisiowajua, nakimbizwa na bata. Bata yule aliwahi kunikimbiza kweli, kutoka shuleni mpaka karibu na reli, na Anko nyuma yangu na kamera yake akisema kwa upole, "Usisimame, mwanangu, anapendeza." Mwishoni mwa kila filamu narudi darasani kwa kupenya dirishani. Mwalimu anaita tena. Nami najibu, mdomo umejaa ubuyu, "Nipo, mwalimu."

Tulirudia hiyo ya mwisho kuliko zote. Mwingine angeridhika mara ya kwanza. Yeye alitaka tena, na tena, mpaka ulimi wangu unageuka mwekundu kama moto. Nilipolalamika akachuchumaa mbele yangu akaniambia maneno ambayo niliyaona ya kiufundi tu, ya mtu wa kamera. "Watu hawacheki kwa sababu mtoto katoroka," alisema. "Wanacheka kwa sababu wanajua atarudi."

Na walicheka, jamani. CD zake ziliuzwa Kariakoo mpaka wauza viatu wakaacha viatu. Kwenye vibanda umiza vya Temeke, vile vya kuonyesha video kwa kiingilio, watu walijaa hadi wengine wakaangalia kwa kusikiliza ukutani. Ikawa mazoea: mwalimu akiita "Tatu Sudi!", kibanda kizima, vijana kwa wazee, kinajibu "Katoroka!" kabla hata ya darasa kwenye televisheni. Nilikuwa naenda sokoni kununua nyanya, muuzaji ananiambia, "Wee mtoro, shule umemwachia nani?" Nikawa maarufu kuliko diwani.

Kila filamu pini zilipungua. Mie nilikua, sketi ikabaki palepale. Kisha ikaja Jumamosi moja mama akanivalisha, akafunga kifungo, akarudi nyuma kuniangalia. Haikuhitaji pini hata moja. Marinda yalianguka sawasawa, urefu ukaishia pale panapotakiwa. Nikaingia darasani nikijizungusha. Anko Sudi alikuwa na jicho kwenye kamera. Alinifuata na kamera mpaka nilipofika kwenye dawati langu, halafu akaizima.

"Leo hatuendelei," alisema.

Tulidhani betri imekwisha. Aliifungasha kamera taratibu, akasahau hata kifuniko cha kioo, na baba akaondoka naye, koti la mwalimu mkuu likiwa bado mwilini.

Baada ya mwezi wa Ramadhani kupita akatuita tena. Filamu mpya, akasema, na haichekeshi. Ni ya baba mmoja anayekwenda shuleni siku ya kufungua akiwa na sare ndani ya mfuko. Anamwomba mwalimu mkuu aite jina la binti yake kwenye daftari la mahudhurio, mara moja tu, kisha ataondoka. Huyo baba aliigizwa na Anko mwenyewe.

Nilimuuliza, "Na mie, Anko, natokea wapi?"

"Wewe safari hii huji, mwanangu."

"Hata dirishani?"

"Hata dirishani."

Nilinuna siku nzima. Nilimwambia mama kwamba Anko kapata mtoro mwingine, pengine wa Kinondoni, kule wanakojua kujipodoa. Mama akaendelea kuchambua mchele.

Siku ya kuionyesha kwa mara ya kwanza kibanda kilijaa tangu adhuhuri. Humo ndani joto lilikuwa la kuivisha yai bila maji, nailoni nyeusi madirishani, harufu ya jasho na karanga. Nilibanwa kwenye benchi kati ya baba na mwanamke aliyebeba mtoto. Anko Sudi alisimama mlangoni nyuma, mikono kifuani. Aliwahi kupiga harusi zisizohesabika, lakini siku hiyo ndiye aliyeonekana bwana harusi: shati jipya, kanyoa, hajui aweke wapi macho.

Filamu ikaanza, nao wakaanza kucheka. Walicheka kumwona tu Anko kwenye televisheni. Walicheka mfuko. Walicheka baba yangu alipotokea na koti lake. Kila mtu alikuwa akisubiri bata. Kisha yule baba wa kwenye filamu akainamisha kichwa, na mwalimu mkuu akafungua daftari, akaita taratibu, si kama siku zote:

"Tatu Sudi."

Pale kwenye filamu paliwekwa kimya. Kimya kirefu, kamera ikipita dawati kwa dawati. Nasema paliwekwa, maana hakuna aliyekisikia. Kibanda kizima kilishaitikia "Katoroka!" kwa sauti iliyotikisa mabati, nami nikiwemo, huku nikipiga miguu chini. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mtu mmoja akasema, "Safari hii kaenda mbali, huyo!" na wakaanza upya.

Baba hakucheka. Alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi ndani ya lile joto. Nilipogeuka kumtafuta Anko, niliona mwanga wa mlangoni peke yake.

Jioni barazani baba alimwambia, "Walikuwa wanakupenda, Mzaramo. Ndiyo walivyozoea kukupenda."

"Najua," alisema Anko Sudi. "Mie ndiye niliyewazoesha."

Hakutengeneza filamu nyingine. Alirudi kwenye harusi, kisha harusi nazo zikapata vijana wenye kamera ndogo zinazoruka. CD zikafa, vibanda vikageuka vya mpira. Mie nilikua, nikaolewa, nikaendelea na yangu. Siku hizi vipande vya filamu zile vinazunguka kwenye simu. Mwanangu aliwahi kunionyesha mie mwenyewe nakimbizwa na bata, akaniuliza kama yule mzee wa kamera alikuwa tajiri.

Mwaka jana Anko Sudi alifariki kwa sukari. Tulijaa nyumbani kwake, wanaume nje chini ya turubai, wanawake tumekaa kwenye mikeka mpaka mlangoni. Dada yake alifika kutoka Kisarawe, akaanguka karibu na jeneza, akalia, "Umemfuata Tatu wako, ndugu yangu. Umemfuata Tatu wako."

Watu wakatazamana. Tatu gani? Akaeleza kwa kwikwi. Binti yake wa pekee, aliyefaulu kwenda sekondari. Homa ilimchukua shule zikikaribia kufunguliwa. Ndoa ikavunjika kwa majonzi, mama mtu akarudi kwao. "Hata sketi yake," alisema, "ilibaki kwa fundi."

Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Kwa desturi zetu, mtani ana kazi msibani. Anamwigiza marehemu, anamsimanga, anawachekesha wafiwa ili machozi yasiwazamishe. Watani wengine walishaanza, mmoja kabeba boksi begani kama kamera. Wazee wakamwita baba: Mnyamwezi, zamu yako. Baba akasimama, mzee sasa, akavaa lile koti, ambalo kumbe hakulirudisha kamwe kwa mwenyewe. Watu wakaanza kutabasamu kwa kulitambua. Akafungua kiganja chake kama daftari, akakohoa, akaita.

"Tatu Sudi."

Pale turubaini walikuwepo wengi wa wale wa kibanda, sasa wana mvi. Darasa letu lote lilikuwepo. Jibu tulikuwa nalo mdomoni. Tulilijua kuliko majina ya watoto wetu. Hakuna aliyefungua mdomo. Kilisikika kitambaa cha turubai kikipigwa na upepo, na kuku wa jirani, basi. Kile kimya alichokiomba kwetu, ndicho tukampa akiwa hawezi kukisikia.

Baba alibaki na kiganja wazi. Mtani halii; ni aibu, wazee humtoza faini. Yeye alilia mbele yao wote, ndani ya lile koti, na hakuna mzee aliyemdai kitu.

Nilikuja kuelewa hapo, mkekani, kwamba yule mtu hakuwa akitutengenezea vichekesho. Alikuwa akimtafutia binti yake sababu nyingine ya kutokuwepo darasani, sababu ndogo, ya kitoto, ya ubuyu na bata. Na kila Jumamosi alikuwa akimrudisha kwa dirishani, mara moja, mara mbili, mara kumi, mpaka mie nikakua nikaenea kwenye nguo yake, uongo ukawa hauwezekani tena.

Mkaa ulishapoa kwenye pasi. Nje giza lilikuwa likiingia, na mwanangu, aliyeniaga anakwenda mpirani tangu alasiri, alikuwa hajaonekana. Nilitoka mpaka uani nikamwita kwa jina lake, na la baba yake, yote mawili, kama ya daftarini. Nikasubiri.

"Nipo, mama," akajibu nyuma ya ukuta, mdomo umejaa kitu.

Nilitaka kumgombeza. Nikamwambia arudie.