Kibao chenye Sura ya Rosalyn

Leseni ya udalali wa nyumba ilipotoka, Rosalyn Wisnicki alikuwa amepita miaka arobaini, mikono imechakaa kwa kuosha masufuria ya shule. Ila mjini Erie, Marekani, leseni peke yake haikuuzii hata banda la kuku. Lazima uingie chini ya ofisi ya udalali.

Alianza kwa mzee Vernon Tague, mwenye ofisi ya meza mbili na mbwa mmoja juu ya duka la viatu.

"Nyumba zako za mwanzo tutakwenda wote," Vernon alimwambia. "Utanichoka."

"Na picha yangu itakaa kwenye kibao cha kuuzia nyumba?"

"Kibao changu kina namba ya simu, mama. Watu hawanunui sura."

Rosalyn akacheka kwa adabu, akaondoka.

Ofisi ya pili ilikuwa vioo vitupu. Walimpigia makofi mlangoni. Meneja, Candace, alimkumbatia: "Hapa sisi ni familia, mpenzi." Mpiga picha akamwambia ageuze kidevu kidogo. Tangu siku ya harusi yake hakuna aliyemwambia hivyo. Akatia sahihi.

Mteja wa kwanza alikuwa shangazi yake Bernice, mjane ambaye magoti yalikuwa yamemkatalia ngazi.

"Nitauza, mwanangu," alisema. "Lakini kwa watu watakaoishi humu. Si wale wa kukatakata vyumba na kupangisha. Niahidi."

Rosalyn akaahidi. Bernice akasaini mkataba bila kuusoma.

Kibao kikasimikwa kwenye theluji, Rosalyn wa pichani akiitabasamia barabara nzima. Simu yake haikulia. Namba iliyoandikwa pale ilikuwa ya ofisi, na ofisini mpokea simu alikuwa Trent, kijana wa viatu vilivyochongoka. Kila akimuuliza, Trent humjibu, "Wameulizia tu, dada."

Aliposikia kwa jirani wa shangazi kwamba Trent alikuwa amepeleka pale mtu wa kupima kuta, Rosalyn alikwenda moja kwa moja kwa Candace.

"Nahamia kwa Vernon. Na nyumba ya shangazi naondoka nayo."

"Nenda tu, mpenzi." Tabasamu halikumtoka. "Nyumba inabaki. Mkataba ni wa shangazi yako na ofisi. Wewe ulimpa kalamu tu."

Akakimbilia kwa Bernice. Akamkuta mezani, pierogi zake za viazi zimepoa kwenye sahani.

"Nimeshasaini kuuza. Yule kijana alisema hakuna mnunuzi mwingine."

"Shangazi, mbona hukunipigia?"

"Nikupigie ya nini? Alisema mnafanya kazi pamoja. Kwani si ofisi yako?"

Rosalyn akageukia dirisha. Nje, Trent alikuwa amebandika utepe mwekundu wa IMEUZWA juu ya kibao, ukapita katikati ya mdomo wa Rosalyn. Mafundi wa mnunuzi walikuwa wameshaanza kuteremsha mbao za kugawia vyumba.

Bernice akasogea dirishani kwa mkongojo, akakitazama kibao.

"Picha ilitoka vizuri lakini," alisema, akavuta pazia.