Silvanus Haitiki Mara ya Kwanza

Siku niliyomwona Silvanus kwa mara ya kwanza, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni na kufunika shamba lote la kahawa. Nilikuwa nimeitwa Oldeani kutengeneza vichanja vya kuanikia. Mzee mrefu mwenye koti la mvua alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasoma.

"Silvanus!" mnyapara aliita, akiwa karibu naye kabisa.

Mzee hakuinua hata kichwa. Mnyapara akaita tena.

"Naam, bosi," akajibu taratibu, akafunga kitabu na kwenda kufunika kahawa kwa turubai.

Nilidhani ni kiziwi. Pale shambani ukungu ukishuka tunaitana kwa majina, na anayeitwa huitika upesi, maana nyati hutoka msituni na huwezi kumwona mpaka akukaribie. Asiyeitika tunamtafuta kwa fimbo na kelele.

"Siyo kiziwi, kaka Raphaeli," alinicheka Angelina, aliyekuwa anachambua kahawa. "Amesoma kile kitabu. Mwite mara mbili, kama bibi harusi."

Kile kitabu kilikuwa riwaya ya zamani. Jalada lilishatoka, jina lake hakuna aliyelijua, na kurasa zilishonwa kwa uzi wa magunia. Silvanus alikuwa mlinzi wa vichanja, mtu wa Mbulu, mjane, asiyepandisha sauti hata kwa mbwa wa shamba aliogawana nao ugali. Kitabu hakukiuza wala hakukiacha mahali. Alikiazimisha mtu mmoja mmoja, na yeye ndiye aliyekuchagua. Dereva mmoja wa watalii alipanda kutoka Karatu mjini kuja kukiomba, akakisoma ndani ya gari mpaka mwisho, wageni wake wakimngoja hotelini.

Msimu ule alipewa Angelina. Asubuhi moja ya ukungu nilimwita anishikie ubao. Kimya. Nilipomwita tena, aliitika nyuma ya bega langu. Nilingoja acheke. Hakucheka.

Baada yake walikisoma wengine. Kufika Julai, mnyapara akiita jina, shamba lilinyamaza kama halina mtu. Akiita mara ya pili, sauti zilitoka kila upande, karibu kuliko tulivyodhani.

Ndipo Silvanus akaniletea mimi.

"Zamu yako, mdogo wangu."

"Kinasema nini, mzee?"

"Kuna mtu anaitwa kutoka kwenye ukungu. Mara moja tu. Binadamu usipomwitikia atakuita tena, lakini kile kinachoita ukunguni hakirudii. Yule mtu akaitika."

"Halafu?"

"Soma."

Nilikiweka mezani karibu na chumvi, nikawa nakula nakitazama. Nimeishia darasa la saba na nasoma polepole, lakini si hilo lililonizuia. Tangu mke wangu Evarista afariki, asubuhi za ukungu yeye huniita. "Baba Witness!" Mara moja, kwa sauti ile ile ya kuniambia chai iko tayari. Nami huitika, "Naam, mama." Sikuwahi kumwambia mtu, hata binti yetu Witness. Kama ningekisoma, ningekuwa kama wale wengine. Na yeye angejisikiaje, aite halafu mumewe akae kimya?

Siku moja nilikifungua, nikasoma mstari wa kwanza tu. Mwanamke alikuwa anamwita mumewe aje anywe chai. Nikakifunga.

Silvanus alipoacha kazi, mwanawe alimfuata na pikipiki ampeleke Mbulu. Nilimkimbilia getini na kitabu, nimekifunga kwa kipande cha khanga.

"Umesoma?"

"Hapana, mzee."

"Unaogopa?"

"Naogopa nisije nikaacha kuitika."

"Kumwitikia nani?"

"Mama Witness."

Hakushangaa. Alichukua kitabu akakiingiza ndani ya koti. "Na mimi nilikuwa na wangu," alisema. "Nikasoma, nikaacha kumwitikia, naye akaacha kuita. Mpaka leo natega sikio, hamna kitu." Mwanawe alikuwa ameshawasha pikipiki. Silvanus alinyanyua mguu apande, kisha akaurudisha chini. "Wako huwa anaita akiwa wapi?"

Sikuwahi kulifikiria. "Mwanzoni alikuwa jikoni," nilisema. "Baadaye huku kwenye vichanja. Juzi sauti ilitoka ng'ambo ya uzio, msituni."

"Na wewe ulipoitika ulikuwa wapi?"

"Kwenye uzio. Nimeshika waya."

Mkono wake ulinikamata kiwiko, ukakaza. Nyuma yetu ukungu ulikuwa unaanza kushuka juu ya kahawa.

"Basi usikisome," alisema. "Mwitikie, mdogo wangu. Lakini ukishaitika, baki hapo hapo uliposimama."