Omwati Aliyeruka Mferejini

Kabla ya kuolewa kijijini kwetu, Omwati alikuwa akivuka mto na nyati wa kufugwa wa baba yake, akiogelea kama bata. Alipofika tu kwa mumewe, mama mkwe wake, Bi Chameli, alimkalisha chini. "Hapa mke wa mtu hachezi majini. Watu watatuonaje?" Omwati akatii. Kwa miaka mingi alivuka daraja letu la matofali juu ya mfereji mkubwa, mzigo wa majani kichwani, majini asichovye hata kidole.

Majira ya baridi, msafara wa harusi ukafika darajani, ngoma na tarumbeta mbele, bwana harusi juu ya farasi. Upande wa pili likatokea trekta la miwa likipiga honi. Farasi akashtuka, akainua miguu ya mbele, na bwana harusi akarushwa juu ya ukuta mfupi wa daraja, chubwi mferejini! Maji ya mfereji huu ni ya mto Ganga, nayo hutoka milimani. Ni baridi na yana kasi. Wanaume wakakimbia ukingoni wakipiga kelele, "Kamba! Leteni kamba!"

Omwati, aliyekuwa akivuka daraja na majani yake, akatupa mzigo, akavua shali, akaruka.

Alimfikia akiwa anazama, kilemba kimeshakwenda na maji. Kijana akamkaba shingo.

"Niachie, utatuua sote! Lala chali!"

Akamburuta kwa kola ya koti mpaka kwenye ngazi za kuogea.

Baba mdogo wa bwana harusi akainama, akanong'ona, "Tuseme umetoka mwenyewe, si kuokolewa na mwanamke."

"Baba mdogo," kijana akajibu huku meno yakigongana, "mimi hata kwenye beseni nazama. Nani ataamini?"

Watu wakaangua kicheko. Kikakatika walipomwona Bi Chameli anashuka ngazi. Akamtazama mkwewe aliyelowa chapachapa, akavua shali yake mwenyewe, akamfunika.

"Mwanangu, hukuogopa?"

"Niliogopa, mama. Ila wewe nilikuogopa zaidi."

Jioni hiyo Omwati alipotaka kukanda unga, Bi Chameli akamwondolea bakuli. Mama mkwe akapika chapati mwenyewe.

Joto lilipoingia, Omwati alianza kuwafundisha wasichana wa kijiji kuogelea pale kwenye ngazi. Bi Chameli hukaa ukingoni na fimbo yake, akiwafokea wanaume wanaosimama kutazama.

"Nyie wanaume, mnakodoa nini? Kwanza kuogelea kwenyewe hamjui! Piteni!"