Mtutu Katika Grupu la Spea

Mume wangu Marijani ni mwoga. Nasema hivi mbele yake na nyuma yake, na mwenyewe hakatai. Anaogopa lifti ya jengo la Tianxiu ikijaa. Anaogopa mbwa wa Wachina, hata wale wadogo wanaobebwa mkononi. Tangu tuhamie Guangzhou sijapata kumwona akibishana na mtu aliyevaa sare. Wanawake wenzangu wa mtaa wetu wa Dengfeng wananitania, ati, "Swalha, wewe umeolewa au umeachiwa amana uitunze?" Nami nawajibu waangalie wa kwao, wenye vifua mbele, leo huyu kesho yule wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya midomo yao.

Kazi yake ni spea za pikipiki. Wenye maduka wa Dar na Unguja wanamtumia picha, yeye anawatafutia mali. Sifa yake kubwa ni kulinganisha. Mpe shoki-apu mbili, zote zinang'aa, zote zina maandishi yaleyale, atazipima mkononi, atapitisha ukucha kwenye chuma, kisha atakwambia hii chukua na hii achana nayo. Watu wanamwamini kwa hilo. Ofisi yetu ni chumba kimoja tu, mie nazungumza na Wachina, maana nilikuja huku kwa skolashipu nikasoma lugha yao, na yeye anafunga maboksi.

Sasa kazi hii ina tabia yake, na yeyote aliyefanya biashara huku anaijua. Picha ikiingia kutoka nyumbani huikodolei macho. Unairusha vilevile kwenye grupu la WeChat lenye malaoban wote wa spea, yaani Wachina wenye maduka, unaandika maneno yaleyale ya kila siku: you ma, duoshao qian. Ipo? Bei gani? Halafu unaendelea na chai yako, mwenye nayo atajibu. Ukisema ukae ufungue picha mojamoja, jua litazama hujanunua hata nati.

Asubuhi hiyo aliyetuma picha ni Dullah, mdogo wangu wa tumbo moja. Dullah ni mlinzi kwa tajiri mmoja mwenye shamba nje ya Dar, na ana domo hilo, we! Marijani alikuwa anafunga boksi kwa gundi ya karatasi. Simu ikalia, akaitupia jicho. Kipicha kidogo, bomba jeusi refu, bomba jeusi fupi, na kitu chenye springi pembeni. Eksozi na shoki-apu, akadhani. Akairusha kwenye grupu lenye watu mamia, you ma, duoshao qian, akarudi kwenye boksi lake. Alipomaliza ndipo akafungua sauti ya Dullah.

"Shemeji, mambo! Hebu nilinganishie hapo. Huo mtutu mrefu na huo mfupi, upi wa maana? Mrefu unapiga mbali, lakini mfupi mwepesi kubeba. Na kitako je, cha kukunjwa au kisichokunjwa? Bosi ana bunduki yake, ya kijeshi ile, anataka aiboreshe. Nimemwambia nina shemeji China, hakuna kinachokosekana!"

Niligeuka. Marijani amesimama, gundi imemganda vidoleni, uso umemkauka.

"Mama Mwanakhamis," akasema, "nimeirusha."

"Umerusha nini?"

"Hiyo. Kwenye grupu."

Nchi hii haina mchezo na bunduki. Si bunduki tu, hata kipande chake, hata ya mtoto ya kuchezea ikifanana mno na ya kweli, tunasikia watu wamefungwa. Na sisi ni wageni, tunaishi kwa kibali kilichobandikwa kwenye pasipoti. Kibali kikifutwa, au Marijani akiingia ndani, ofisi imekwisha, skuli ya mwanetu imekwisha, maisha tuliyoyajenga huku yamekwisha. Nilimpokonya simu nikajaribu kuiondoa ile picha. Muda wa kuiondoa ulishapita.

Jibu la kwanza lilikuwa "mei you", hakuna. Baada ya hapo hakuna aliyejibu. Wakaanza kutoka. Laoban fulani ametoka kwenye grupu. Laoban fulani ametoka. Watu tuliokula nao, waliotutumia machungwa mwaka mpya wao, wanatoka mmojammoja kama nyumba inaungua. Mama Chen, anayetuuzia cheni za pikipiki, ndiye pekee aliyepiga. Alikuwa ananong'ona. Akasema, "Futeni kila kitu. Mtu ameshapiga ripoti polisi. Si mimi," kisha akakata.

Na katikati ya hayo Dullah anatuma sauti nyingine. "Shemeji, kimya? Usisahau kuniulizia na darubini!"

Nilimpigia nikamfokea mpaka koo likaniuma. Unajua anacheka? "Dada nawe! Bei tu naulizia, kwani kuuliza bei dhambi?" Nikamuuliza, huyo bosi wako ana leseni ya hiyo bunduki? Akasema, "Sasa mie nitamuulizaje bosi kitu kama hicho?" Nikamkatia simu.

Polisi walipiga mchana. Sauti ya upole, na huo upole ndio ulionitisha zaidi. Njooni kituoni, wote wawili, na pasipoti. Marijani alikwenda msalani akatia udhu. Akarudi akavua saa yake akanipa, akanipa na ufunguo wa nyumba, kama vile mie sikuitwa.

"Mwanakhamis nani atamchukua skuli?" akaniuliza.

"Loyce." Huyo ni jirani yetu, ana saluni hapo chini.

"Mwambie asimpe soda."

Tulipita Dengfeng katikati ya watu, wanaobadilisha fedha wanatuita, wauza simu wanatuita, na mie naona kila mtu anajua. Marijani alinishika mkono. Hajawahi kunishika mkono barabarani, anaona haya. Kiganja chake kilikuwa kimelowa.

Kituoni walitupokea vizuri, siwezi kuwasingizia. Askari wa kike alitumiminia maji ya moto kwenye vikombe vya karatasi, mwenzake wa makamo akaiweka simu ya Marijani mezani, ile picha imefunguliwa ukubwa wote. Hapo ndipo nilipoiona sawasawa. Ule mtutu mrefu, na ule mfupi, na mishale midogo iliyochorwa kuonyesha tofauti. Si eksozi hata kidogo. Tuliwaeleza habari ya spea, wakasikiliza. Nikaanza kupata pumzi. Kisha yule wa makamo akauliza swali moja: aliyekutumia ni nani?

Nikamtafsiria Marijani.

"Mwambie simjui," akasema. "Mwambie ni mteja tu, tulipeana namba sokoni. Picha nimerusha mimi, kosa ni langu."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Baba Mwanakhamis, unajua unachosema?"

"Najua. Tafsiri."

Nilimwelewa. Alikuwa anamkinga ndugu yangu. Lakini mtu anayemtafutia mitutu mteja asiyemjua jina, nani atamwamini? Huyo harudi nyumbani tena. Yule askari alikuwa ananitazama, kalamu mkononi, anasubiri. Marijani naye ananitazama, na macho yananiambia tafsiri, tafsiri kama nilivyosema. Niliogopa, wallahi, sijapata kuogopa hivyo tangu nizaliwe. Nikafungua mdomo.

"Shi wo didi," nikasema. Ni mdogo wangu. Nikataja jina lake kamili, na shamba, na jina la bosi wake.

Kichina cha Marijani ni cha sokoni, lakini didi analijua, malaoban wanaitana hivyo kutwa. Aligeuza shingo akanitazama.

Wakaandika. Wakatuuliza tena na tena, wakamkanya Marijani, wakamtaka atie sahihi. Mwisho wakaturudishia simu na pasipoti, kibali kiko palepale. Wakasema habari hii watawapa polisi wenzao wa nyumbani kwetu. Tulirudi kwa miguu, tukamkuta Mwanakhamis saluni kwa Loyce anasukwa, mdomo mwekundu wa soda.

Wiki iliyofuata mama yangu alipiga simu. Tulikuwa ofisini, Marijani anapima shoki-apu. Mama alikuwa analia, nyuma yake wanawake wanalia pia. Polisi wamekwenda shambani kwa yule tajiri. Bunduki haina karatasi. Tajiri amewaponyoka, Dullah amechukuliwa, na haijulikani yuko kituo gani.

"Walikuja na jina lake, Swalha," mama akasema. "Jina lake kamili, la babu yake pia. Limetoka huko kwenu. Nani kamtaja mwanangu?"

Mie, Swalha, mwenye jibu kwa kila mtu, nikamtazama Marijani. Simu ilikuwa kwenye spika, chumba kizima kinasikia. Marijani akaweka shoki-apu chini, akafuta mikono kwenye suruali, akanichukulia simu.

"Ni mimi, mama," akasema. "Mimi ndiye niliyemtaja."

Mama alianza kumlaani hapohapo, yeye na kizazi chake. Nilinyoosha mkono niipate simu, akanigeuzia mgongo. Alisimama akiegemea maboksi, shati limemlowa jasho, anaitikia, "Ndiyo, mama. Ndiyo. Nisamehe, mama," mpaka mama alipochoka akakata.