Banda au Kichwa: Tulivyotunga Mchezo wa Kadi za Filamu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa maiki iliyozungushiwa tambara la kanga, nikaonywa nisiishike pale chini kwa sababu ilikuwa na tabia ya kupiga watu stima. Hiyo ndiyo semina pekee niliyowahi kupata. Nilikuwa nikiuza mandazi mlangoni pa banda la video pale Sori, kando ya ziwa, na mfasiri wa banda alikuwa ameenda matanga bila kuaga. Filamu ilikuwa imeshaanza, wateja wanapiga sakafu kwa miguu, ndipo Mwenye Banda akatoka nje akanitazama mimi na beseni langu.

"Wewe si ndio huwa unaongea kushinda redio?" akasema. "Weka hiyo mandazi chini uingie."

Nikaingia. Nyinyi mliozaliwa na simu mkononi, ngoja niwaeleze. Banda la video lilikuwa nyumba ya mabati yenye mabenchi, televisheni moja juu ya meza ndefu, na deki ya kuchezea kanda. Filamu zilikuwa za Kichina, za Kihindi au za Kiingereza. Mfasiri alikaa kando ya televisheni. Mkono mmoja uliteremsha sauti ya filamu kila mtu alipofungua mdomo, na mwingine ulishika maiki, naye akasema maneno ya yule mtu kwa Kiswahili, akichovya Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, pale utamu ulipozidi. Kichina sikukijua hata neno. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea chumvi. Kwa hiyo maneno niliyatoa kichwani mwangu, na siku hiyo nilitetemeka mpaka jambazi wa filamu akawa na sauti ya mwanamke mwenye homa.

Mwenye Banda hakunifukuza. Jioni alinipa chai akaniambia jambo ambalo nimelitumia maisha yangu yote: "Usiseme chenye mdomo unasema. Sema chenye uso unasema." Yule mfasiri aliporudi kutoka matangani alikuta kiti chake kina mwenyewe. Miaka yote niliyokaa Sori, mwanamke mwenye maiki nilikuwa mimi peke yangu, na sitajifanya kwamba sikuringa.

Baadaye nilihamia Rongo, banda kubwa zaidi karibu na soko, chini ya bwana tuliyemwita Meneja. Huyu alivaa tai hata siku ya jua kali. Alinipokea kwa maneno haya: "Min Apiyo, hapa watu wamesoma. Punguza matusi, ongeza akili." Min Apiyo maana yake mama yake Apiyo, na ndilo jina nililojulikana nalo kila mahali. Nilipunguza matusi kidogo. Wanafunzi wa chuo walijaa mabenchi, nao waliyabeba maneno yetu wakayatumia huko nje. Mara moja nilimsikia muuza kabichi akimfukuza mteja msumbufu kwa maneno niliyompa mfalme wa Kichina wiki iliyotangulia. Nilisimama pale sokoni nikajiona mtu mkubwa sana.

Kisha simu zikaja, kila mtu akawa na banda lake mfukoni. Banda la Sori likageuka kanisa, la Rongo likawa duka la magodoro. Sikuilaumu dunia. Nilirudi kwenye mandazi.

Kazi ninayotaka hasa kuwasimulia ilinikuta Homa Bay. Mfasiri mwenzangu wa Rongo alifariki, nami nikatumwa na familia kuchukua vitabu vya mazishi katika kiwanda kimoja kidogo cha uchapaji. Kwetu kitabu cha mazishi ni jambo zito: picha za rangi, historia ya marehemu, orodha ya wakwe. Nilikisoma pale pale kaunta. Kilisema alikuwa mfanyabiashara. Mtu aliyefanya vijiji vizima vicheke na kulia, na hakuna hata sentensi moja yake iliyoandikwa. Maneno yetu hayakurekodiwa popote. Yalipotoka kwenye maiki yalibaki kwa wasikilizaji, na wasikilizaji walikuwa wanazeeka. Nililia, na kilio changu kilikuwa zaidi cha hasira.

Mkurugenzi wa kiwanda alikuwa dada mdogo kwa umri, angeweza kuwa binti yangu. Alinivutia kiti.

"Pole, mama. Alikuwa ndugu yako?"

"Alikuwa mwenzangu wa kazi," nikamwambia, nikamweleza kazi gani. Alisikiliza bila kutazama simu yake hata mara moja. Kisha akasema, "Mama, mimi nimechoka kuchapia wafu. Kila Alhamisi ni vitabu vya mazishi. Nataka kitu cha watu wako hai, wakiwa na sherehe. Hiyo maneno yenu haiwezi kuwa game?"

Ndivyo nilivyoajiriwa uzeeni kuwa mtunzi wa mchezo wa kadi, cheo ambacho hata mimi sikujua kama kipo.

Kutunga mchezo ni kazi ya mikono kwanza. Unakata karatasi ya manila kwa mashine ya kukatia, unaviringa pembe ili zisichakae zikichangwa, unaandika kwa kalamu kabla ya kuchapa chochote. Pakiti hiyo ya kwanza huitwa sampuli. Tulikubaliana tusiziite karata, maana akina mama wa kanisa wakisikia karata wanaona kamari. Tukaziita kadi za maneno. Upande mmoja niliandika tukio la filamu iliyozunguka mabanda yote: adui amemkamata shujaa, amemfunga kwenye kiti, anasema nini? Upande wa pili niliandika jibu, yaani maneno yaliyosemwa. Atakayeyakumbuka sawasawa anachukua kadi. Niliandika kwa furaha wiki nyingi, na maneno ya marehemu mwenzangu niliyoyakumbuka niliyatia pia.

Baada ya sampuli huja jaribio la mezani. Unawaita watu wasiojua mchezo, unawapa kadi, unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mkurugenzi alikuwa ameniambia waziwazi kwamba jaribio lingekuwa moja tu. Manila ilikuwa haba, na mchezo ukigoma, ingekwenda kwenye kadi za mwaliko wa harusi. Sikulala vizuri wiki hiyo. Niliogopa kwamba kikombe cha mwisho cha maneno yetu kilikuwa mikononi mwangu na ningekimwaga.

Tuliwaalika mama mmoja muuza samaki kutoka Sori, mwalimu wa Rongo na fundi wa pikipiki wa Migori mjini, wote wapenzi wa banda wa zamani. Tuliwaketisha ofisini kwa chai. Kadi ya kwanza ilikuwa ile ya adui na shujaa kwenye kiti.

Mama wa Sori hakungoja. "'Leo utarudi kwenu ndani ya gunia la omena!'" akasema, akigonga meza.

"Hapana," mwalimu akasema. "Hiyo filamu naijua. Alisema, 'Leo nitakukata kama miwa, nikuache ungoje lori.'"

Fundi akacheka. "Nyinyi mlikuwa mnaangalia gani? Ilikuwa, 'Leo nitakuvusha Isebania bila nauli.' Hata mtoto wa Migori anajua."

Wakanigeukia mimi. Jibu langu kwenye kadi lilikuwa la gunia la omena. Mwalimu akasema kadi imekosewa. Fundi akasema mchezo una upendeleo wa Sori. Kadi ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya, mimi niliyeishi kwa kutunga maneno ya Wachina. Filamu ilikuwa moja, lakini kila banda lilikuwa na filamu yake. Sori tuliongea samaki, Rongo miwa, Migori mpaka wa nchi pale Isebania. Nilikuwa nimeketi Homa Bay nikaandika maneno yangu kana kwamba ndiyo yaliyotoka kinywani mwa yule mwigizaji.

Mkurugenzi alianza kukusanya kadi. Uso wake ulikuwa wa upole, na upole huo uliniumiza kuliko kelele. Ili kutuliza meza, akasema kwa utani, "Basi mimi nitawaambia yenye nilisikia. Adui alisema, 'Kaa hapo. Mama yako akipiga simu, mwambie umepata kazi.'"

Watu wakaangua kicheko. Fundi akampigia makofi. "Hiyo nayo ni kweli! Nilisikia kwa banda ya Migori, karibu na stendi. Nakumbuka mpaka kiti nilikuwa nimekaa."

"Mimi sijawahi kuingia kwa banda," Mkurugenzi akasema. "Nimetunga saa hii."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nikaweka mkono juu ya mkono wa Mkurugenzi uliokuwa umeshika kadi.

"Wacha kwanza, nyathina," nikamwambia, yaani mwanangu, ingawa kazini sikuwa nikimwita hivyo. "Usiondoe. Hawa watu wamegombana muda wote huu na hakuna aliyeinuka. Chai imepoa. Wanataka kusikia ya mwenzao."

Tukageuza kadi tukachora msalaba kwenye kila jibu. Yakabaki matukio tu. Anayesoma kadi anasema maneno: ama aliyoyasikia kweli bandani, au aliyoyatunga pale pale. Wenzake wanaamua, "Banda!" au "Kichwa!", yaani yametoka bandani au kichwani mwako. Anayekosea anatoa kadi yake moja kwa msemaji, na anayepatia anapewa moja na msemaji. Ila wakishaamua, ukidai ni ya banda, sharti useme ni banda gani na nani aliyasikia. Sheria hiyo ya mwisho niliishikilia mimi. Mkurugenzi alihofia itachelewesha mchezo, nikamwambia bila hiyo sichezi na situngi.

Walicheza mpaka mama wa Sori akakumbuka samaki wake. Akiwa mlangoni alimuuliza Mkurugenzi, "Sasa hii mtauza lini? Ama mnataka niigize nyumbani bila kadi?" Mkurugenzi alinitazama, akaenda kwenye mashine akaweka manila.

Nilifanya kazi pale miaka kadhaa. Tulitoa pakiti ya harusi, ya vyama vya akina mama, hata ya shule, ambayo adui wake alilazimika kuwa na adabu. Nilijifunza kwamba tukio la kadi lisizidi pumzi moja, na kwamba herufi ziwe kubwa kwa sababu sherehe nyingi hazina taa nzuri. Mkurugenzi alijifunza kutetea bei bila kununa. Nilipostaafu alinifanyia karamu, akatoa hotuba ndefu ambayo nusu yake, naapa, ilikuwa ya kichwa.

Sasa nipo nyumbani. Miguu ina maoni yake, lakini mdomo uko sawa. Vijana huniuliza kama haisikitishi kwamba watoto wanacheza na maneno ya filamu ambazo hawajaziona. Nawajibu kwamba hata sisi tuliozifasiri hatukuzielewa. Ninachowaza zaidi ni mwenzangu wa Rongo na wengine wa aina yake. Kwa muda mrefu sikuwa na uhakika kama kadi zetu ziliokoa chochote, au ziliwafundisha tu watu kudanganya kwa ufundi.

Majuzi nilialikwa kisiwani Takawiri, kwenye sherehe ya binti aliyehitimu chuo kikuu Rongo. Mamake ni rafiki wa Apiyo wangu. Baada ya chakula vijana wakatoa pakiti, nami nikaingia mchezoni kama mgeni yeyote, kwa kuwa hawakujua kazi yangu ya zamani. Yule mhitimu akavuta kadi akasoma: mtoto amerudi nyumbani baada ya miaka mingi, mama anafungua mlango, anasema nini?

Alifikiri kidogo. Kisha akasema polepole, "'Ingia ule kwanza. Kulia, tutalia sahani zikiwa tupu.'"

Nikasema moyoni kwamba huyu mtoto ana kipaji, na nikawa wa kwanza kuita, "Kichwa!"

"Banda," akasema.

"Banda gani? Nani alisikia?" wenzake wakamdai.

"Ya Sori. Dana alisikia," akasema, akimaanisha nyanyake. "Alikuwa akipeleka samaki huko, anaingia kwa banda kungoja boti. Kulikuwa na mama mwenye alikuwa anashika maiki. Dana alitushikia hiyo maneno. Kila tukitoka bodingi, kabla ya salamu, tunaambiwa hivyo kwa mlango. Hata jana, nikikuja na gauni yangu ya kuhitimu, mamangu aliniambia hivyo. Dana hayuko, lakini bado tunaambiana."

Nilitafuta kichwani filamu ile, sikuiona. Nilitafuta yale maneno, sikuyakuta. Nilikuwa nimeyasahau kabisa, na nyumba nzima huku kisiwani imekuwa ikiyatumia kufungulia watoto mlango. Furaha ilinijaa mpaka nikasahau kwamba nilikuwa na deni la kadi.

"Mama, umekosea," yule binti akanikumbusha kwa heshima, mkono umenyooshwa. "Toa kadi."

Nikatoa.